Dada wa Saa Nne

Mama aliikuta simu ndani ya debe la unga. Alikuwa ametumbukiza kikombe achote wa kupikia mchana, kikombe kikagota kwenye kitu kigumu, akadhani ni jiwe, akaanza kumsema mwenye mashine ya kusaga. Kisha jiwe likaanza kutetemeka na kuimba.

"Kinanda!" aliita. "Njoo unipe darasa. Simu siku hizi tunaichemsha au tunaikaanga?"

Chumbani, Kinanda alijikunyata ukutani, magoti kifuani, akasubiri mlio ukome. Ulipoanza mara ya pili alijiziba masikio kwa mto.

Jina hilo alipewa angali mchanga, kwa sababu, walisema, hakuwa akilia kama watoto wengine. Alikuwa akilia kwa mahadhi. Alipokua, akiosha vyombo anaimba, akifua anaimba, na jirani wa nyuma ya ukuta alikuwa akifungua dirisha makusudi amsikilize. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mbili, na nyumba hiyo ilikuwa na miezi mingi haijasikia hata mluzi.

Mama aliingia akiifuta simu kwa upande wa kanga. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa sauti kubwa na mikono mikubwa zaidi, aliyezoea kulisha watoto mia nne kwa sufuria mbili. Gonjwa lilipofunga shule alikaa nyumbani mwaka mzima akipikia watu wawili na kusahau vipimo, mpaka wakawa wanakula kiporo siku tatu. Lakini shule zilikuwa zimefunguliwa. Watu walikuwa wamevua barakoa, sokoni walikuwa wakikanyagana kama zamani. Aliyebaki ndani ni huyu wake peke yake, kana kwamba amri ya kutotoka nje ilitangazwa kwa ajili yake tu, kisha wakasahau kuja kuitengua.

"Ni hospitali," mama alisema. "Wamepiga mara tatu. Na barua yao iko juu ya kabati wiki ya pili hii. Jumatatu usiporipoti, kiti chako wanampa mwingine. Hiyo diploma yako tutaifanyia nini, tufungie karanga?"

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Kukaa kwenye kiti?"

"Kushika simu."

Mama alifungua mdomo atoe mzaha mwingine. Akaviona vidole vya binti yake, jinsi vilivyokuwa vikicheza vyenyewe juu ya shuka, akaufunga.

"Kuna kitu hujaniambia," alisema polepole.

Kilikuwepo. Kinanda alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

*

Kazi aliyoajiriwa haikuwa ya simu. Aliajiriwa masjala, kutunza mafaili ya wagonjwa, na aliipenda kwa sababu kila kitu kilikuwa na mahali pake. Kisha gonjwa likaja, lango la hospitali likafungwa kwa ndugu wote, na watu wakawa wanasimama nje ya uzio wakipiga kelele majina ya wazazi wao kuelekea madirishani. Siku moja metroni, mama mfupi mwenye furushi la funguo kiunoni, alisimama mlangoni mwa masjala.

"Nani hapa ana sauti isiyotisha watu?"

Wote walimnyooshea kidole Kinanda. Hata yeye alicheka.

Walimpa chumba kidogo kilichokuwa stoo ya magongo ya kutembelea, meza moja, simu moja. Kila siku saa nne asubuhi alianza kuzipigia familia na kuziambia hali za wagonjwa wao. Karatasi iliyoingia wodini ilikuwa haitoki tena, kwa kuogopa maambukizi, hivyo asubuhi muuguzi alisimama nyuma ya kioo cha mlango akasoma kwa sauti, kitanda baada ya kitanda: "Tatu, vilevile. Nne, ana nafuu. Tano, mbaya." Majina hakuyataja. Majina Kinanda alikuwa nayo mwenyewe.

Na neno moja lilikatazwa. Kifo hakikutamkwa kwenye simu. Alitakiwa kusema: "Tunaomba mje hospitali, na mje wawili." Mmoja wa kusikia, mwingine wa kumshika asianguke. Haikupita wiki mbili mji mzima ukawa unalijua hilo. Alikuwa akisema tu "mje", hajafika kwenye "wawili", na upande wa pili mtu ameshaanza kulia.

Basi akajitafutia mbinu ya kuimudu kazi. Jioni, kabla ya kwenda nyumbani, aliandaa vikaratasi vya kesho: namba ya kitanda, jina la mgonjwa, namba ya ndugu. Asubuhi kilichobaki ni kujaza hali, kisha anavipanga kama karata, habari tamu juu, chungu chini. Tamu alizipiga kwanza, apate nguvu. Chungu baada ya chai. Metroni alimsifia kwa utaratibu huo.

Na alikuwa na kitu kingine, ambacho hakuna aliyekijua. Alikuwa akiongeza. Muuguzi akisema "nafuu", yeye kwenye simu alisema, "Ana nafuu, na amewaulizia." Wengi wodini hawakuwa na pumzi ya kumuulizia mtu. Lakini aliwasikia watu wakishusha pumzi kwa kale kasentensi kadogo, akakazoea kama mtu anavyozoea sukari kwenye chai, mpaka ikawa hawezi kukaacha.

Wa kitanda cha tisa alikuwa mzee, na ndugu yake kwenye simu alikuwa mwanawe, fundi baiskeli. Kijana huyo alikuwa anapokea kabla mlio haujaisha.

"Dada wa saa nne!" alikuwa akisema. "Niambie, mzee wangu kawatukana wangapi leo?"

"Leo hajatukana mtu."

"Basi anaumwa kweli. Akianza kutukana nipigie, nije nimchukue."

Siku nane walizungumza hivyo. Kinanda hakuwahi kumwona, lakini nyuma ya sauti yake alizoea kusikia nyundo, kengele za baiskeli, na mama mmoja akiuliza kwa mbali, "Anasemaje? Anasemaje huyo msichana?"

Siku ya tisa muuguzi alisoma nyuma ya kioo: "Tisa, vizuri kabisa. Amekaa mwenyewe, amekunywa chai." Na baadaye: "Kumi na sita, wawili."

Kinanda alimpigia fundi wa kwanza kabisa. "Amekaa mwenyewe," alimwambia, na furaha ilikuwa yake pia. "Amekunywa chai. Na amewaulizia. Amemuulizia mama."

Upande wa pili kitu cha chuma kilianguka chini. Kisha vigelegele.

Baada ya chai aliwapigia wa kumi na sita, mabinti wawili, akawaambia maneno yale ya kuja wawili. Walifika saa sita, wameshikana, kanga vichwani. Wakapelekwa. Hazikupita dakika kumi, korido nzima ikasikia ukelele, lakini haukuwa ukelele unaozoeleka mahali pale. Walikuwa wanakimbia, wanacheka, wanalia. "Si yeye! Si baba yetu!" Mdogo wao aliingia stoo ya magongo bila kubisha, akamkumbatia Kinanda na barakoa yake, amri au si amri. "Umetutisha, lakini Mungu akupe heri! Baba yuko kitanda cha tisa, tumemwona kwenye kioo, anakunywa chai!"

Kinanda alikumbatiwa huku mikono yake ikining'inia.

Alikwenda kwenye mlango wa wodi akagonga kioo. Muuguzi alikuwa amechoka kiasi kwamba alieleza huku macho yamefumba. Bomba la hewa la kitanda cha tisa lilikuwa limeanza kufifia. Alfajiri wakamhamisha mzee wa tisa kwenda kumi na sita, penye bomba zuri, na wa kumi na sita aliyekwishapona wakamleta tisa. "Wa kwako hakufika mbali," alisema. "Saa kumi na mbili alikuwa ameshafariki. Hukubadilisha vikaratasi?"

Vikaratasi alikuwa ameviandika jana yake jioni.

Alirudi mezani, akapiga namba. Ikapokelewa kabla mlio haujaisha.

"Dada wa saa nne! Leo mara mbili?" Nyuma yake nyumba ilikuwa imejaa watu. "Mama anauliza, tumletee shati gani, la buluu au—"

Kinanda alikata simu. Fundi akapiga. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu. Kinanda alimwambia metroni tumbo linamsokota, akaenda nyumbani.

Kesho yake kijana alifika langoni na shati la buluu na viatu vilivyong'arishwa. Aliyemwambia ni mlinzi.

Metroni aliomba radhi kwa niaba ya hospitali. Lawama ilipewa kitanda, mambo yakaisha. Hakuna aliyeuliza habari ya "amewaulizia". Kinanda aliendelea na kazi miezi mitano mingine, akisoma kila kikaratasi mara tatu, sauti imekauka kama ubao. Lango lilipofunguliwa tena kwa ndugu, stoo ikarudishiwa magongo yake, wafanyakazi wakapanga mstari uani wakapigiwa makofi. Asubuhi iliyofuata Kinanda hakuweza kutoka kitandani. Wala iliyofuata.

*

Jumatatu mama alimwogesha kwa maneno, akamvalisha kwa maneno, akamshika mkono mpaka langoni mwa hospitali kama anampeleka chekechea. Hapo miguu ikagoma. Kinanda alisimama akitazama ule uzio.

"Mama mpishi," mlinzi alisema taratibu, "usimvute. Mpeleke mlango wa kijani, wanakotibu mawazo. Wamejaa wenzake."

Nje ya mlango wa kijani kulikuwa na benchi refu, na kweli walikuwa wenzake. Kijana mmoja alikuwa ananawa mikono hewani, bila maji, ngozi ya vidole imepasuka. Mwanafunzi mmoja aliyetakiwa kufanya mtihani mwaka ule wa kufungwa alikuwa amekumbatia begi la shule lisilo na kitabu. Hakuna aliyezidi miaka ishirini na mitano. Mama, ambaye hajawahi kukosa la kusema mbele ya watoto, aliwatazama mmoja mmoja na midomo ikawa mizito.

Ndani kulikuwa na muuguzi wa kiume mwenye ndevu za kuhesabika. Hakuuliza mengi.

"Mdogo wangu, unamwogopa nani?"

"Fundi baiskeli."

"Huyo ni wa kuogopwa kweli. Mimi wa kwetu alinibadilishia gurudumu, nikatoka na dogo mbele, kubwa nyuma."

Kinanda alitoa kitu kilichokaribia kuwa kicheko, na kwa ufa huohuo mambo yote yakamwagika. Mama, pembeni, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Muuguzi alimwandikia mapumziko ya mwezi, dawa za kumpa usingizi, na kila Jumatatu arudi. Kinanda alipouliza kama aende kumwambia yule kijana, muuguzi aliweka kalamu chini.

"Kosa la kitanda si lako peke yako. Hilo la kuongeza, ni lako. Kwenda ni juu yako. Lakini usiende ili akusamehe. Yeye hana kazi ya kukutibu."

Zikapita Jumatatu tatu. Ya nne, baada ya kutoka kwa muuguzi, alimwambia mama atangulie nyumbani.

*

Anwani, iliyokuwa kwenye faili la mzee, aliijua kwa moyo kama alivyoijua namba. Kibanda cha mabati, baiskeli mbili zimepinduliwa magurudumu juu, beseni la maji machafu. Kijana mrefu, mwembamba kuliko sauti yake, alikuwa amechuchumaa akizamisha mpira wa gurudumu kwenye beseni, akitafuta mahali panapotoa mapovu.

"Habari za kazi," Kinanda alisema.

Mikono ilisimama ndani ya maji. Hakuinua kichwa.

"Dada wa saa nne," alisema.

Kinanda alijikaza. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, yote yakaenda arijojo. Akasema hivyohivyo yalivyokuja, amesimama juani, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Vikaratasi. Bomba la hewa. Simu aliyoikata. Fundi alisikiliza akiutazama mpira.

"Hayo ya kitanda metroni alituambia," alisema mwishowe. "Lakini alituulizia. Si ndiyo? Usiku ule, kabla hawajamhamisha. Labda ulichanganya siku."

"Hapana. Hiyo niliitia mimi. Niliwaambia wengi."

"Hakumuulizia mama."

"Nilipokupigia, alikuwa ameshafariki."

Fundi alinyanyuka. Maji machafu yalimtiririka mpaka viwikoni. Kwa muda Kinanda alidhani atapigwa, na sehemu moja ya moyo wake ikaona nafuu.

"Unajua umenifanyia nini?" Sauti haikupanda, ndiyo iliyotisha. "Walituletea mfuko umefungwa. Tulizika tukiwa watu saba tu, tumesimama mbalimbali kama hatujuani. Uso hatukuuona. Mama yangu mpaka leo hajalia. Anasema tumezika mtu wa watu. Nikimwambia, mama, mzee amekufa, ananijibu, yule msichana alisema kakaa mwenyewe, kaniulizia. Yule msichana siku zote nane alisema kweli, kwa nini ya tisa aseme uongo? Nguo za mzee hagusi. Ndugu wakija kumpa pole, anawafukuza." Alijifuta uso kwa bega. "Na kuna siku, dada, hata mimi namwamini yule msichana."

Baiskeli mojawapo ilikuwa bado inazungusha gurudumu taratibu kwa upepo.

"Twende," Kinanda alisema. Hakujua kama ni yeye aliyesema.

"Wapi?"

"Kwa mama. Mimi hanikatalii."

Nyumba ilikuwa nyuma ya kibanda, chumba na sebule, pazia la maua lililofifia. Mama mtu mzima alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele, miguu ameinyoosha. Alimtazama mgeni bila hamu.

"Shikamoo, mama," Kinanda alisema.

"Ndiye dada wa saa nne," fundi alisema mlangoni.

Ungo uliteleza, mchele ukamwagika.

"Marahaba! Marahaba, mwanangu! Ni wewe!" Akamgeukia mwanawe, uso umewaka. "Nilikwambia atakuja! Nilikwambia! Hebu mwambie, mwanangu, mwambie huyu kichwa ngumu. Wamempeleka hospitali gani?"

Kinanda alipiga magoti mkekani. Neno lile alikuwa hajawahi kulitamka kwa ndugu wa mtu yeyote. Kila mara kulikuwa na maneno mengine ya kulifunika.

"Mama, amekufa."

"Nani?"

"Baba. Mume wako. Alikufa alfajiri ile, kabla sijapiga simu. Mliyemzika ni yeye."

"Wewe ulisema kanywa chai."

"Aliyekunywa chai ni mzee mwingine. Walibadilishana vitanda, sikujua."

"Huyo mwingine yu hai?"

"Yu hai. Ana mabinti wawili."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali. Alianza kuokota punje za mchele, moja moja, akizitia kiganjani.

"Na kuniulizia?"

Mlangoni fundi aligeuka akatazama nje.

"Hilo niliongeza mimi. Nilitaka mfurahi."

Punje zikaanguka. Mama aliinua mkono juu, kiganja wazi, na Kinanda hakukwepa. Mkono ulikaa hewani. Kisha ukashuka, ukamshika kidevu, ukamgeuza uso kuelekea kwenye mwanga wa mlango, huku na huku, kama mtu anayekagua chungu sokoni.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Ishirini na mbili."

"Mimi nilidhani ni mtu mzima. Siku zote nilikuwa naona mtu mzima, kavaa miwani." Alimtazama mwanawe, kisha tena msichana. "Kazi hii walimpa mtoto?"

Mama alimshika Kinanda kifundo cha mkono, akafungua mdomo, na kilichotoka kilianza chini sana, kama mlango mzito unaoburutwa, kikapanda, kikapanda, mpaka mabati ya nyumba yakaitikia. Alimwita mume wake kwa jina lake la ujana. Alimuuliza kwa nini ameondoka bila kumuulizia.

Fundi alitoka akashusha mlango wa kibanda. Jirani mmoja alikuja mbio, mikono ina sabuni.

"Kuna nini?"

"Msiba," fundi alisema.

"Wa nani tena jamani?"

"Wa baba."

Jirani alitaka kusema kitu. Akachungulia ndani. Akavua kandambili zake, akaingia, akakaa chini kando ya mama. Akaja mwingine. Akaja wa tatu na mtoto mgongoni. Chumba kilianza kujaa watu waliokaa bega kwa bega, karibukaribu, kama ambavyo hawakuruhusiwa siku ile ya mazishi.

Kinanda alikuwa analia pia, kwa sauti mbaya, nzito, isiyo na mahadhi yoyote. Alijaribu kunyanyuka, awapishe wenye msiba. Mama hakumwachia mkono.